ROBERT KOCH: DAKTARI ALIYEMFICHUA ADUI ASIYEONEKANA



Huenda ukajiuliza Mjerumani huyu amefuata nini katika jarida la Ramadhan. Nivumilie kidogo. Maji unayofungulia saumu jioni, yakiwa ni ya mfereji na ni salama, yamepita njia ambayo yeye ni mmoja wa walioionyesha dunia. Mgonjwa wa kifua kikuu akipelekwa hospitali na makohozi yake kupimwa, anayetafutwa mle ni mdudu aliyetambuliwa na yeye. Isitoshe, mtu huyu aliishi Dar es Salaam, akapanda milima ya Usambara na akapiga kambi visiwani katika Ziwa Victoria. Kwa hiyo habari zake si za mbali kama tunavyodhani.

Jambo la pili ni kwamba maisha yake yana pande mbili. Upande mmoja ni wa mtu mwenye subira na ushahidi, na upande huo uliokoa roho za watu wengi sana. Upande wa pili ni wa mtu mwenye haraka na jina kubwa, na upande huo uliwaumiza watu, wakiwemo Waafrika wa hapa hapa kwetu. Vijana tulio vyuoni na mashuleni tunahitaji kuziona pande zote mbili.

HALI ILIVYOKUWA KABLA YAKE

Kwamba kuna maradhi yanayotoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, hilo halikuwa jipya. Sisi tumelelewa madrasa tukijua mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwamba mtu asiingie mji wenye tauni, wala asitoke humo kwa kuikimbia. Katika karne ya 14, mwanachuoni wa Granada, Ibn al-Khatib, aliandika kwamba tauni huambukizwa kwa kugusana na kwa nguo na vyombo vya mgonjwa. Kabla yake, katika karne ya 10, Al-Razi alikwisha kutenganisha ndui na surua.

Kilichokosekana kilikuwa kumwona adui mwenyewe. Je, ni sumu? Ni hewa mbaya? Ni kitu chenye uhai? Hata katikati ya karne ya 19, madaktari wakubwa wa Ulaya walikuwa bado wanaamini kwamba kipindupindu kinaletwa na mvuke mchafu unaotoka ardhini. Daktari John Snow wa London alikwisha kuonyesha mwaka 1854 kwamba kipindupindu kinafuata maji, na mwaka huo huo Mtaliano Filippo Pacini alikiona kijidudu chake kwa hadubini. Lakini wengi hawakuwasikiliza.

KUZALIWA NA KUSOMA

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, kwenye milima ya Harz, Ujerumani. Baba yake alikuwa afisa wa migodi, na nyumbani walizaliwa watoto 13. Kwa hivyo msidhani alikuwa mtoto wa kitajiri aliyeletewa kila kitu kwenye sinia. Mwaka 1862 aliingia Chuo Kikuu cha Göttingen, na mwaka 1866 akahitimu udaktari. Mmoja wa walimu wake, Jacob Henle, alikuwa ameandika tangu mwaka 1840 kwamba maradhi ya kuambukiza huenda yanaletwa na viumbe hai vidogo mno. Mwalimu hakuweza kulithibitisha jambo hilo. Mwanafunzi ndiye aliyekuja kulithibitisha.

Mwaka 1867 alimwoa Emmy Fraatz, wakajaaliwa binti mmoja, Gertrud. Koch alitamani kusafiri dunia, lakini maisha yalimvuta huku na huku kutafuta riziki. Vita vya Ujerumani na Ufaransa vilipoanza mwaka 1870 alijitolea kuwa daktari wa jeshi. Baada ya hapo, mwaka 1872, akapewa kazi ya daktari wa wilaya huko Wollstein, mji mdogo ambao leo uko Poland na unaitwa Wolsztyn.

MAABARA NYUMA YA PAZIA

Wollstein hapakuwa na chuo kikuu wala maabara, na maktaba ya maana haikuwepo. Daktari alitibu wagonjwa kutwa, na sehemu ya chumba chake cha kazi akaikata kwa pazia. Nyuma ya pazia hilo ndiko alikoweka hadubini yake na panya wake.

Wakati huo wilaya ilisumbuliwa na kimeta, maradhi yanayoua kondoo na ng'ombe na wakati mwingine wachungaji wao. Wengine walikuwa wamekwisha kuona vijiti vidogo katika damu ya wanyama waliokufa. Lakini swali lilibaki: hivyo vijiti ndivyo vinavyoua, au vimetokea tu baada ya mnyama kufa? Na mbona kuna malisho ambayo kondoo wakipelekwa hufa mwaka baada ya mwaka, hata pasipokuwa na mnyama mgonjwa karibu?

Koch hakuwa na sindano nzuri, basi alichonga vijiti vya mbao, akavichoma motoni kuua uchafu, kisha akavichovya katika damu yenye kimeta na kuwachanja panya. Panya wakafa. Akachukua damu ya panya aliyekufa akamchanja mwingine, naye akafa. Halafu akataka kuvikuza vijidudu nje ya mwili wa mnyama, ili asije akaambiwa kwamba kilichoua ni kitu kingine kilichokuwamo katika damu. Alitumia majimaji ya ndani ya jicho la ng'ombe, ambayo ni safi na maangavu. Akaweka tone moja chini ya hadubini, akakaa akilitazama saa baada ya saa.

Aliona vijiti vikirefuka vikawa kama nyuzi, na ndani ya nyuzi zikatokea chembe ndogo zinazong'aa kama shanga. Chembe hizo ni mbegu zenye ganda gumu. Zinastahimili ukavu na baridi, na zinaweza kukaa udongoni miaka mingi zikingoja mnyama mwingine. Fumbo la malisho yanayoua likawa limefumbuliwa, na ikajulikana pia kwa nini mzoga wa kimeta usiachwe ukaoza ovyo malishoni.

Mwaka 1876 alifunga safari kwenda Breslau kwa Profesa Ferdinand Cohn, bingwa wa bakteria, na kwa siku kadhaa akarudia majaribio yake yote mbele ya maprofesa. Fikiria: daktari wa mashambani asiyejulikana, anasimama mbele ya wakubwa na panya wake! Hakuwaomba wamwamini kwa maneno. Aliwaomba watazame wenyewe, wakatazama, wakakubali.

JELI YA MWANI NA MDUDU WA KIFUA KIKUU

Mwaka 1880 Koch aliitwa Berlin kufanya kazi katika Ofisi ya Afya ya dola. Huko alikutana na tatizo jingine. Ukiotesha bakteria katika supu, aina zote zinachanganyika, na hujui nani ni nani. Koch alianza kwa kiazi kilichochemshwa na kukatwa. Aliona kila doa linaloota juu ya kiazi ni ukoo wa kijidudu kimoja. Kisha akaigandisha supu kwa jelatini. Tatizo la jelatini ni kwamba ikipata joto kidogo inayeyuka.

Suluhisho lilitoka jikoni. Mama mmoja, Fanny Hesse, mke wa daktari aliyefanya kazi katika maabara ya Koch, alikuwa akigandisha vyakula vyake vitamu kwa agari, ambayo hutengenezwa kwa mwani wa baharini. Yeye alijifunza kwa majirani waliowahi kuishi Java. Agari haiyeyuki kwa joto la mwili. Mpaka leo kila maabara duniani inaitumia. Mwaka 1887 msaidizi wa Koch, Julius Richard Petri, akaongeza kisahani chenye kifuniko ambacho wanafunzi wote wa sayansi wanakijua kwa jina lake. Akina mama wanaotusoma wazingatie hapo: elimu iliyobadilisha udaktari ilipitia kwenye sufuria ya jikoni.

Kwa silaha hizo Koch akamgeukia muuaji mkubwa wa zama zile, yaani kifua kikuu. Ilikadiriwa kwamba katika kila vifo saba, kimoja kilitokana nacho. Kijidudu chake ni kidogo mno, hakishiki rangi kwa urahisi, na kinakua polepole sana. Mtu mwenye haraka angetupa kisahani siku ya tano na kusema hakuna kitu. Koch alingoja wiki kadhaa. Alibuni njia ya kukitia rangi ya buluu, akakiotesha, akawachanja simbilisi, wale wanyama wadogo wa maabara wanaofanana na panya, wakaugua kifua kikuu. Akakitoa tena ndani yao.

Tarehe 24 Machi 1882, jioni, alisimama katika ukumbi mdogo Berlin akaeleza yote. Hakuwa msemaji hodari, alizungumza polepole. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi wala aliyeuliza swali. Watu walinyamaza tu, kisha wakainuka mmoja mmoja kwenda kutazama hadubini alizozipanga mezani. Siku hiyo ya 24 Machi ndiyo inayoadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Kutokana na kazi hizo zikapatikana kanuni zinazoitwa kanuni za Koch. Kwa ufupi ni hivi: mdudu aonekane kwa kila mgonjwa, aoteshwe peke yake akiwa safi, akiingizwa kwa mnyama mzima alete maradhi yale yale, na atolewe tena kwa mnyama huyo akiwa ni yule yule. Ni kama kesi mahakamani. Mtuhumiwa hahukumiwi kwa sababu tu alionekana karibu na maiti.

ISKANDARIA MPAKA CALCUTTA

Mwaka 1883 kipindupindu kiliingia Misri. Maradhi haya Waislamu waliyajua vizuri. Mwaka 1865 yalizuka miongoni mwa mahujaji huko Hijaz, na kupitia meli yakasambaa Misri na Ulaya. Mwaka 1869 yalifika Zanzibar na kuua watu tele, na pwani yetu ikaonja uchungu wake.

Ujerumani ilimtuma Koch Iskandaria, na Ufaransa nayo ikatuma wanasayansi wa Louis Pasteur. Nchi hizi mbili zilikuwa na uhasama tangu vita vya 1870, kwa hiyo yakawa mashindano. Lakini kipindupindu hakijui mashindano. Kilimuua Mfaransa Louis Thuillier, kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka 30. Koch na wenzake walikwenda mazikoni na kumpa heshima za mwisho. Hata wapinzani wana haki zao, ndugu zangu.

Misri maradhi yalipungua kabla Koch hajamaliza uchunguzi. Badala ya kurudi nyumbani na kusema nusu ya jambo, aliomba ruhusa kuyafuata mpaka Calcutta, Bara Hindi. Huko, mwanzoni mwa mwaka 1884, alikipata kile kijidudu kilichopinda kama alama ya mkato, akakiotesha peke yake. Zaidi ya hapo, alikikuta katika maji ya bwawa ambalo watu walikuwa wakifulia na kunywa, na waliolizunguka ndio walioshikwa na kipindupindu. Wanyama wa maabara hawakuugua, kwa hiyo kanuni zake mwenyewe hazikutimia zote, naye alilieleza hilo waziwazi. Ushahidi mwingine ulitosha. Alirudi Ujerumani akapokewa kama shujaa.

HARAKA ILIPOINGIA

Hapa ndipo upande wa pili wa maisha yake unapoanza. Kufikia mwaka 1890 Koch alikuwa na jina kubwa mno. Pasteur alikuwa ametoa chanjo ya kichaa cha mbwa mwaka 1885, na Wajerumani walitaka shujaa wao naye alete dawa. Agosti 1890, katika mkutano mkubwa wa madaktari huko Berlin, Koch akatangaza kwamba amepata kitu kinachozuia kifua kikuu. Kiliitwa tubakulini. Kimetengenezwa na nini? Hakusema.

Tazama tofauti. Mtu aliyewaambia maprofesa wa Breslau watazame wenyewe, sasa anawaambia walimwengu wamwamini hivi hivi! Wagonjwa kwa maelfu walimiminika Berlin, wengine wakiwa mahututi. Waliodungwa walipanda homa kali. Wengi hawakupona, na wengine walikufa. Daktari Rudolf Virchow alipowapasua maiti aliona kwamba kwa baadhi yao maradhi yalikuwa yameenea zaidi. Mwaka 1891 ilipojulikana kwamba dawa yenyewe ni maji yaliyotokana na vijidudu vya kifua kikuu pamoja na gliserini, aibu ilikuwa kubwa.

Subhanallah, hata kitu hicho hakikupotea bure. Baadaye iligunduliwa kwamba tubakulini ikidungwa kidogo kwenye ngozi inaonyesha nani amewahi kuambukizwa, na kipimo hicho kinatumika hadi zama zetu. Lakini hiyo haikuwarudisha waliokwisha kufa.

BARABARA MOJA, MAJI MAWILI

Agosti 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, bandari kubwa ya Ujerumani yenye watu zaidi ya laki sita. Wakubwa wa mji, ambao wengi wao walikuwa wafanyabiashara, walichelewa kutangaza, maana meli zingekataliwa bandari nyingine na biashara ingeharibika. Kuchelewa huko kuliwagharimu. Watu kama 17,000 waliugua na zaidi ya 8,600 wakafa kwa muda wa wiki chache.

Koch alitumwa kuamuru mambo. Watu waliambiwa wachemshe maji, magari yakapita mitaani kugawa maji yaliyochemshwa, shule zikafungwa. Lakini aliona jambo jingine la ajabu. Ubavuni mwa Hamburg kulikuwa na mji wa Altona, na miji hii imeshikana kiasi kwamba kuna barabara ambayo upande huu ni Hamburg na upande ule ni Altona. Hewa ni moja, udongo ni mmoja, watu ni wale wale. Upande wa Hamburg walikufa, na upande wa Altona walisalimika. Kulikuwa hata na nyumba za wafanyakazi zilizokuwa ndani ya Hamburg lakini zinapata maji kutoka Altona. Nazo zilisalimika.

La kushangaza ni kwamba maji ya Altona yalitoka katika mto ule ule wa Elbe, tena chini ya Hamburg, mahali ambapo maji taka ya mji mzima yalikuwa yamekwisha kumwagwa. Tofauti ilikuwa moja tu. Altona waliyachuja kwa mchanga, Hamburg waliyanywa vile vile yalivyo. Hamburg walibishana miaka mingi kuhusu gharama ya kujenga machujio, na yalikuwa bado yanajengwa maradhi yalipofika.

Chujio lenyewe si muujiza. Ni birika kubwa, chini mna mawe, juu yake kokoto, na juu kabisa mchanga. Maji yanashuka polepole. Baada ya siku chache juu ya mchanga kunafanyika utando wa utelezi wenye viumbe hai, na utando huo ndio unaonasa vijidudu. Ukiyaharakisha maji, utando unapasuka na vijidudu vinapita. Majira ya baridi yaliyofuata, chujio moja la Altona liliganda kwa barafu wakati wa kusafishwa, likaacha kufanya kazi vizuri, na papo hapo wagonjwa wakatokea Altona yenyewe.

Kwa hiyo Koch akashikilia kwamba haitoshi kujenga chujio na kuliamini. Maji ya kila chujio yapimwe kila siku maabarani, na yakionekana na bakteria zaidi ya 100 katika kila mililita yasipelekwe kwa watu. Mwendo wa maji nao uwekewe mpaka.

Hapo ndipo elimu tatu zilipokutana. Injinia anajenga birika na mabomba. Mtaalamu wa vijidudu anahesabu kilichomo katika tone la maji. Serikali inaweka sheria na kuisimamia kwa tajiri na maskini sawasawa. Moja ikikosekana, zile mbili hazitoshi. Hamburg ilimaliza machujio yake Mei 1893. Kwa maoni yangu, hesabu ile ya maji ni kazi kubwa kuliko dawa yoyote aliyowahi kuitangaza.

KOCH KATIKA ARDHI YETU

Kati ya mwaka 1897 na 1898 Koch alikuwa Dar es Salaam, wakati huo ikiwa chini ya utawala wa Wajerumani. Alipima damu za wagonjwa wa malaria. Huko Usambara alisikia jambo akaliandika: Wasambaa walikuwa wakisema kwamba wakishuka mabondeni huumwa na mdudu kisha hupata homa, na mdudu na homa wakaviita kwa jina moja, mbu. Yaani wazee wetu walikuwa na habari ambayo Ulaya ilikuwa bado inaitafuta. Wakati huo huo Ronald Ross alikuwa Bara Hindi akiithibitisha kwa hadubini.

Mwaka 1905 alirudi Afrika Mashariki. Alichunguza homa ya papasi, iliyowasumbua wapagazi waliolala katika vibanda vya njia za misafara. Alimkuta mdudu wa homa hiyo ndani ya papasi, na hata ndani ya mayai ya papasi, kwa hiyo mtoto anarithi maradhi kwa mama yake. Mwishoni mwa mwaka huo alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu.

Mwaka 1906 akaelekea visiwa vya Sese, Uganda, ambako malale yalikuwa yamefagia watu. Katika eneo la ziwa lile, zaidi ya watu laki mbili walikufa kwa malale mwanzoni mwa karne ya 20. Koch alipiga kambi kisiwa cha Bugala na kuwadunga wagonjwa dawa iitwayo atoksili, iliyotengenezwa kwa aseniki. Mwanzoni wagonjwa walipata nafuu, na watu wakamiminika kwa mamia. Lakini nafuu haikudumu. Koch akaongeza kipimo. Zaidi ya watu 20 wakapofuka macho, na hawakuona tena. Wengine walitoroka kwa sababu ya maumivu. Hata hivyo aliporudi aliisifu dawa hiyo, na akapendekeza wagonjwa wakusanywe katika kambi za kuwatenga na watu wao.

Hapa tusidanganyane. Watu wale wa Sese na wa koloni la Wajerumani hawakuwa na nafasi ya kuuliza na kujibiwa kama wale wa Berlin. Mgonjwa wa Berlin alikuwa na magazeti na Virchow wa kumsemea. Mgonjwa wa Bugala alikuwa na nani? Elimu ile ile iliyoheshimu ushahidi wa panya haikumheshimu vya kutosha binadamu aliyekuwa chini ya mkono wake. Ndiyo sababu leo utafiti wowote kwa watu unatakiwa upitishwe na kamati ya maadili, na mtu aelezwe kwa lugha anayoifahamu kisha akubali au akatae mwenyewe. Kijana ukiletewa karatasi ya utafiti utie sahihi, isome, uliza. Ni haki yako.

MWISHO WAKE NA YALIYOBAKI

Koch alifariki tarehe 27 Mei 1910 huko Baden-Baden, akiwa na umri wa miaka 66. Aliacha wanafunzi na wasaidizi waliofanya makubwa. Friedrich Löffler alikiotesha kijidudu cha dondakoo, Georg Gaffky akakiotesha cha homa ya matumbo, na Emil von Behring pamoja na Mjapani Shibasaburo Kitasato wakafungua njia ya kutibu kwa kinga iliyotolewa katika damu.

Na sisi je? Kipindupindu hakijaondoka. Hapa Kenya kulizuka mlipuko mkubwa ulioanza Oktoba 2022 na kuendelea mwaka 2023, na wagonjwa walikuwa maelfu. Zaidi ya miaka 130 baada ya Hamburg, bado kuna mitaa ambayo bomba la maji na mtaro wa maji taka vinapita pamoja, na mtu anafungulia saumu kwa maji asiyojua yametoka wapi. Basi tuyachemshe au tuyatie dawa, hasa yale ya mapipa ya msikitini na ya futari za pamoja. Aliye na mgonjwa wa kuhara sana ampe maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa vizuri, na amkimbize hospitali bila kungoja kuche.

Kifua kikuu nacho kinatibika, na dawa zake hutolewa bure katika hospitali za serikali. Mwenye kikohozi cha wiki mbili aende apimwe asione haya. Aliyeanza dawa asikatize dozi kwa sababu ya Ramadhan. Azungumze na daktari wake juu ya saa za kumeza, na ikibidi kula, mgonjwa ana ruhusa yake katika dini na atalipa akipona.

Na nyinyi mnaosoma sayansi, uinjinia, uuguzi na afya ya jamii, msitazamane kama watu wa vyama tofauti. Mnahitajiana. Mkifika maabarani au penye mradi wa maji, kumbukeni jinsi Koch alivyongoja wiki kadhaa akitazama kisahani kisichoonyesha kitu, na kumbukeni pia wale waliopofuka Bugala.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, na atukubalie saumu zetu. Wabillahi tawfiq.